Kizimba, Karantini na Kitalu: Istilahi za Kuifungia Programu Hasidi

Utangulizi

Neno geni huingia nchini likiwa na kitu chake mkononi. Watu hukishika kitu, hukitumia, na hulitamka jina lake kadiri ndimi zao zinavyoruhusu. Kisha, siku nyingi zikiisha kupita, ndipo mkuza istilahi hufika na daftari lake kuuliza maana. Ndivyo ilivyokuwa kwa maneno ya mahakama, ya benki na ya ofisi, ambayo yalilishughulisha sana Baraza la Kiswahili la Taifa baada ya kuundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Ndivyo ilivyo leo kwa maneno ya kompyuta.

Makala haya yanahusu kundi dogo tu la maneno hayo: yale yanayotaja njia ya kuilinda kompyuta kwa kuifungia programu isiyoaminika mahali pa peke yake, ili itende itakalo bila ya kuudhuru mfumo mzima. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali hukutana na maneno haya katika miongozo ya usalama, katika vitabu vya kiada na katika nyaraka za ununuzi. Mifano yangu mingi nimeichukua Ifakara na katika bonde la Kilombero, kwa sababu mbili. Kwanza, huko ndiko nilikojifunza, kwa aibu, madhara ya tafsiri mbaya. Pili, huko kuna kitu cha kuonekana kwa macho kinachoieleza dhana hii vizuri kuliko kamusi yoyote niliyowahi kuifungua.

Kosa lilivyotokea

Nilipewa kutafsiri mwongozo mfupi wa matumizi salama ya kompyuta kwa ajili ya semina ya makarani. Katika mwongozo ule palitajwa chombo ambacho jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, ni sanduku la mchanga. Wenye lugha yao wanafikiria lile sanduku pana lisilo na kifuniko, ambamo watoto wa Ulaya na Marekani huchezea mchanga uani: mtoto hujenga na kubomoa atakavyo, na mchanga hautapakai nyumbani. Mimi sikufikiria zaidi. Niliandika "sanduku la mchanga", nikaendelea na ukurasa uliofuata.

Miezi michache baadaye, katika ofisi moja ya bondeni, karani mmoja alipokea barua iliyoambatanishwa na faili. Aliyeituma hakumjua. Alikifungua kiambatisho kile juu ya mfumo ule ule uliokuwa na orodha za kazi ya msimu mzima, na baada ya muda mfupi mafaili yote yalikuwa yamefungwa kwa maandishi ya siri, na tangazo la kudai fedha likawa limesimama mbele ya kioo. Orodha zile zilibidi kuandikwa upya kutoka katika madaftari, na yale ambayo hayakuwamo katika madaftari yalipotea.

Karani yule alipoulizwa kwa nini alikifungua kiambatisho cha mtu asiyemfahamu, alijibu kwa utulivu kwamba semina iliwafundisha kuwa kompyuta ile ina sanduku la mchanga. Nilimwomba anieleze alivyoelewa. Akaniambia: "Si kama zile ndoo nyekundu za mchanga pale kituo cha mafuta? Moto ukitokea, mchanga unauzima."

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu. Karani hakukosa akili. Alilichukua neno nililompa, akalipatia maana kutokana na maisha yake, kama afanyavyo kila msomaji. Kwake mchanga ni kizimamoto, nacho kikae pembeni tu kingoje moto. Chombo nilichokuwa nikikitaja hakizimi kitu chochote, wala hakisaidii kikikaa pembeni. Sharti programu inayotiliwa shaka iwekwe ndani yake kwanza, ndipo ifunguliwe.

Hasidi na jamaa zake

Kabla ya kutafuta jina la kifungio, yafaa tukubaliane juu ya jina la kinachofungiwa. Magazeti yetu huita kila programu mbaya "virusi". Neno hili limetoka katika elimu ya tiba, nalo umoja wake ni kirusi. Lakini kirusi ni aina moja tu: ni programu inayojipachika katika faili nyingine na kuenea pamoja nayo. Mnyoo ni aina ya pili. Wenyewe haungoji kufunguliwa na mtu, bali hutambaa kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa kupitia mtandao. Aina ya tatu hujifanya programu njema ili ikaribishwe. Aina ya nne huyafunga mafaili ya watu na kudai fidia.

Jina la jumla la aina zote hizi ambalo limekwisha kuenea katika tafsiri za Kiswahili ni programu hasidi. Naona ni jina zuri. Hasidi ni mtu mwenye husuda, anayependa mwenzake apatwe na dhara. Na kinachozikusanya programu hizi pamoja ni ile nia ya kudhuru iliyo ndani yake, si namna zinavyoenea.

Tofauti hizi si za kupambia kamusi. Tarehe 12 Mei, 2017, programu iliyoitwa WannaCry ilianza kuenea duniani, na katika siku chache ikazikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza hospitali nyingi zilifutilia mbali miadi ya wagonjwa. Programu ile ilikuwa mnyoo na tena ni ya kudai fidia. Msomaji aliyeambiwa kwamba ni "kirusi" tu angeweza kudhani kuwa yu salama madhali hajafungua kiambatisho; kumbe mnyoo haumngoji.

Chandarua na nyumba ya wavu

Sasa twende Ifakara. Mwaka 1949 mtaalamu wa wadudu kutoka Basel, Uswisi, aitwaye Rudolf Geigy, alifika katika mji huu, na mwaka 1957 maabara ya utafiti ikaanzishwa hapo. Maabara hiyo ndiyo chanzo cha taasisi ambayo leo inaitwa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Bonde la Kilombero lina mto, mafuriko ya kila mwaka, mashamba ya mpunga, na kwa hiyo lina mbu wengi. Katika miaka ya mwisho ya 1990 wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa na mradi mkubwa wa kueneza vyandarua vilivyotiwa dawa. Mwenyeji wa huko hahitaji kuelezwa kazi ya chandarua.

Programu ya kuzuia virusi ni chandarua. Mtu amelala ndani, mbu yu nje, na wavu unamzuia asiingie. Programu hiyo huzichungulia faili zinazoingia na kuzilinganisha na alama za hasidi wanaojulikana, au na mienendo inayotia shaka, ikimtambua humzuia. Udhaifu wake ni kwamba hasidi mpya, ambaye alama zake hazijaandikwa popote, aweza kupenya, kama mbu apenyavyo katika tundu dogo la wavu.

Lakini wataalamu wa Ifakara wana matumizi mengine ya wavu. Huko Kining'ina, karibu na mji, kuna majengo makubwa yenye kuta za wavu, na ndani yake mna vibanda mfano wa nyumba za watu, mimea, na maji ya mbu kutagia mayai. Mbu waliofugwa huachiwa humo. Huruka, hutafuta mahali pa kupumzika, huzaana, huku wataalamu wakijaribu mitego, dawa na vitu vya kufukuzia mbu. Mbu huishi karibu kama aishivyo kijijini, ila kijijini hafiki.

Wavu ni ule ule. Kilichogeuka ni upande. Chandarua humfungia mtu ndani na kumwacha mbu nje. Nyumba ya wavu humfungia mbu ndani na kumwacha mtu awe huru kumtazama. Hii ndiyo dhana ninayoitafutia jina. Chombo chetu hakikusudiwi kumzuia hasidi asiingie kokote. Kinampa mahali pa kuingia, kinamwacha atende kazi yake, lakini humo mnamofungwa tu.

Mfano huu una mpaka wake, na mwalimu atakayeutumia darasani autaje mpaka huo. Mbu wa majaribio hulelewa maabara ili wasiwe na vimelea vya malaria. Hasidi tunayemfungia katika kompyuta ana sumu yake kamili.

Namna mbili za kufungia

Kufungia huku kuna namna mbili, nazo zisichanganywe.

Namna ya kwanza ni kuiwekea programu mipaka ndani ya mfumo endeshi ule ule, yaani ile programu kuu inayoziongoza nyingine zote. Programu iliyofungiwa huambiwa: utasoma mafaili haya tu, utaandika mahali hapa tu, mtandaoni utakwenda au hutakwenda. Ikijaribu kubadili kitu cha mfumo, huonyeshwa nakala, nayo huibadili nakala hiyo ikidhani imebadili kitu chenyewe. Ikifungwa, nakala hufutwa.

Wazo hili si geni. Katika toleo la saba la mfumo wa Unix, la mwaka 1979, palikuwamo amri ya kuifanya programu ione tawi moja la mafaili kana kwamba ndilo shina la mti wote. Mwaka 1995 lugha ya Java ililetwa na utaratibu wa kuzifungia programu zilizochukuliwa mtandaoni. Mwaka 2004 ilitokea programu ya Sandboxie, iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida wa Windows kufungua programu yoyote kifungoni. Kivinjari cha Chrome, kilichotolewa mwaka 2008, huzifungia kurasa kwa namna hii. Na simu nyingi zilizomo mifukoni mwa abiria wanaoshuka stendi ya Ifakara hutumia utaratibu huo huo: katika mfumo wa Android kila programu ina eneo lake, isiweze kuyasoma mambo ya jirani yake. Simu inapouliza, "Je, unairuhusu programu hii isome majina ya watu unaowasiliana nao?", inaomba tundu litobolewe katika wavu. Wengi hubonyeza "Ruhusu" bila ya kusoma, kwa sababu hawajapata kuambiwa kuwa kuna wavu.

Namna ya pili ni kuunda kompyuta nzima ndani ya kompyuta. Si mashine ya chuma. Ni programu inayojidhihirisha kama mashine, ikiwa na kumbukumbu yake, diski yake na mfumo endeshi wake. Anayeitumia huwasha, huzima na hufuta kama vile ana kompyuta ya pili mezani. Wataalamu wa kampuni ya IBM walilifanyia kazi wazo hili katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatoa mfumo ulioitwa VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti yake, ambayo mpaka leo hunukuliwa: programu iende humo kama ambavyo ingekwenda katika mashine halisi, amri nyingi zitekelezwe na mashine halisi moja kwa moja, na msimamizi awe na mamlaka kamili juu ya mali yote ya mashine. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, iliupeleka utaratibu huu katika kompyuta ndogo, na tangu mwaka 2007 programu ya VirtualBox imewawezesha walimu na wanafunzi wengi kuujaribu.

Faida moja kubwa ya namna ya pili ni alama ya kurejea. Kabla ya kufungua faili linalotiliwa shaka, mtumiaji huihifadhi hali ya kompyuta ile ya ndani kama ilivyo. Hasidi akiiharibu, mtumiaji hurudi katika alama ile, na uharibifu huwa kana kwamba haukutokea. Gharama yake ni kumbukumbu: mifumo miwili hula katika sahani moja, na kompyuta dhaifu huelemewa. Mipaka kati ya namna hizi mbili nayo haiko mbali. Chombo cha kufungia kilichotiwa katika Windows 10 mwaka 2019, kwa matoleo ya kitaalamu na ya mashirika, kwa mtumiaji huonekana kama cha namna ya kwanza, lakini kwa ndani hutumia namna ya pili.

Kuyapima maneno

Mkuza istilahi hushauriwa aanze na Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha za jamaa zake, ndipo aende kwenye lugha za nje. Ushauri huo ni mzuri, lakini haumtoshi. Neno laweza kuwa la Kiswahili safi, kama yalivyo sanduku na mchanga, na bado likapotosha. Kwa hiyo kila neno nimelipima kwa swali moja: mtu asiyejua kompyuta akilisikia, atafanya nini?

Sanduku la mchanga nimekwisha kulieleza. Akilisikia, atangoja limzimie moto.

Karantini ni neno linalojulikana, na programu za kuzuia virusi hulitumia kwa faili lililotengwa. Lakini faili lililo karantini halitendi kazi; limefungwa mikono na miguu, likingoja kufutwa au kusamehewa. Chombo chetu humwacha hasidi atembee. Mtu akiambiwa karantini, hatafungua kitu humo. Naona neno hili lina kazi yake tayari, libaki nayo.

Kitalu ni neno ambalo wakulima wa Kilombero wanalitumia kila msimu. Mpunga huoteshwa kitaluni, kisha miche hung'olewa na kupandikizwa shambani. Nililipenda sana neno hili hadi nilipotambua kuwa uzuri wake ndio hatari yake: cha kitaluni hukusudiwa kwenda shambani. Hasidi hakusudiwi kwenda kokote. Lakini kuna mahali pengine ambapo neno hili linafaa kabisa. Ofisi inapoandaa programu mpya ya mishahara au ya stakabadhi, huijaribu kwanza kando, na ikisha kukomaa huihamishia katika kazi. Pale pa majaribio napendekeza paitwe kitalu.

Kizimba ni uzio au tundu dogo la kufungia kitu kilicho hai. Wavuvi na wafugaji wa Ziwa Victoria hufuga samaki katika vizimba: maji ni yale yale ya ziwa, samaki huogelea na kula, ila hatoki. Aidha, kizimba ni mahali asimamapo mshtakiwa mahakamani, na hapa ndipo neno linapopata nguvu zaidi. Mshtakiwa aliye kizimbani hajahukumiwa. Anatazamwa, anasema, anajieleza, lakini haondoki mpaka neno lake liishe. Faili linalotiliwa shaka ni mshtakiwa wa namna hiyo hiyo. Huenda likawa jema. Na kama ilivyo kwa mshtakiwa, kizimba hakina maana mpaka apandishwe. Hakuna anayedhani kwamba kizimba kilichosimama kitupu mahakamani kinamkamata mwizi aliyeko sokoni.

Neno hili lina dosari mbili ambazo sitazificha. Sokoni kizimba ni meza au kibanda cha kuuzia bidhaa. Na katika uganga, kizimba ni kitu kinachotiwa katika dawa ili kuipa nguvu. Hata hivyo, maana hizo ziko mbali na kompyuta, na muktadha utazitenga, kama unavyotenga kifunguo cha mlango na kifungua kinywa.

Pepe, dhahania na mgeni

Linabaki jina la kompyuta iliyo ndani ya kompyuta. Wengi huandika kompyuta pepe au mashine pepe. Neno pepe limeenea kutokana na barua pepe, na hakuna atakayelirudisha nyuma. Wala mimi sijaribu. Lakini kwa dhana hii lina taabu. Katika barua pepe tunaelewa kuwa barua imesafiri kwa njia ya elektroniki. Kompyuta zote ni za elektroniki, basi kompyuta pepe ni ipi? Zaidi ya hayo, kwa mkulima wa mpunga pepe ni punje isiyo na kiini. Anapopepeta, punje nzito hubaki katika ungo na pepe hupeperuka. Mwambie ana kompyuta pepe, atasikia kwamba ana kompyuta isiyo na kitu ndani.

Dhahania nayo humaanisha kitu kilicho katika fikira tu. Hili si jambo dogo kwa mtumishi wa serikali. Kompyuta ya namna hii yaweza kuhifadhi majina ya wagonjwa, namba za simu na madeni ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inawabana wanaokusanya na kuhifadhi taarifa hizo. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, tangu mwaka 1996 watafiti wamekuwa wakizifuatilia kaya na kuandika vizazi, vifo na uhamaji. Taarifa kama hizo zikiwekwa katika kompyuta tunayoiita pepe au dhahania, hazigeuki kuwa pepe wala dhahania. Jina lisimpe mtu kisingizio cha kulegea.

Napendekeza kompyuta mgeni, na ile inayoichukua iitwe kompyuta mwenyeji. Mgeni ana nafsi yake na mizigo yake, lakini hula chakula cha mwenyeji na hulala chini ya paa lake. Mwenyeji humwonyesha chumba. Hampi funguo za nyumba nzima. Wahenga walituambia kuwa mgeni wa siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Huyu wetu hapewi jembe. Siku ya tatu huagwa, akafutwa, na chumba kikafagiliwa.

Mipaka ya kizimba

Jina jema lisiahidi kupita uwezo wa kitu. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la VENOM, katika sehemu ya programu iliyokuwa ikiigiza kiendeshi cha diski za zamani. Kasoro ile ilikuwamo tangu mwaka 2004, na kwa kuitumia, hasidi aliye katika kompyuta mgeni angeweza kutoka na kumfikia mwenyeji. Wavu ulikuwa na tundu kwa miaka kumi na moja pasipo mtu kuliona.

Tena, hasidi mwerevu huchunguza kama yumo kizimbani. WannaCry, kabla ya kuanza kazi, iliuliza habari za anwani moja ya mtandao ambayo haikuwa ya mtu yeyote. Ikijibiwa, ilijizima. Wataalamu wengi wamelifasiri jambo hili kuwa ni mtego wa kukitambua kizimba, kwani baadhi ya vizimba hujibu kila ombi ili kumlaghai hasidi. Mtafiti wa Uingereza, Marcus Hutchins, alipoisajili anwani ile, kompyuta nyingi zilipata jibu, na kuenea kwa mnyoo ule kukapungua sana. Funzo kwa mwalimu ni hili: faili lililotulia kizimbani huenda ni jema, na huenda linajua kuwa linatazamwa.

Mwisho, matundu mengine tunayatoboa wenyewe. Kabrasha linalotumiwa na mgeni na mwenyeji kwa pamoja ni mlango. Flashi iliyochomekwa ni mlango. Mtandao uliounganishwa ni mlango, na mnyoo huupenda kuliko milango yote. Kwa hiyo kizimba hakiondoi haja ya kuiweka programu katika hali mpya, wala haja ya nakala ya akiba inayohifadhiwa mbali na kompyuta yenyewe. Ile ofisi ya bondeni ingekuwa na nakala hiyo, orodha zake zingepona, tafsiri yangu iwe mbaya namna gani.

Hitimisho

Nilirudi kwa karani yule na maneno mapya. Ni mama mtu mzima, na alikuwa na haki ya kunikasirikia, hakufanya hivyo. Nilimweleza kizimba, kisha nikamwuliza: "Mama, ikija barua ya mtu usiyemjua, utafanyaje?" Akajibu: "Nitaipandisha kizimbani kwanza, ijieleze." Nikamwuliza tena: na kama kompyuta ina kizimba, lakini barua ameifungua nje yake? Akacheka. "Mwanangu, hapo si umemwachia mshtakiwa dhamana kabla ya kesi?"

Jibu lile limenitosha kwa sasa, lakini jibu la mtu mmoja halifanyi neno kuwa sanifu. Yafuatayo ni mapendekezo tu. Walimu na wafasiri wayajaribu kazini mwao, na pale yatakapopotosha, watuandikie wamesikia nini.

Programu hasidi: programu yoyote iliyotungwa kwa nia ya kudhuru kompyuta, taarifa au mtumiaji wake.

Mnyoo: programu hasidi inayojieneza yenyewe kwa njia ya mtandao.

Karantini: mahali faili lililotambuliwa au kushukiwa linapozuiliwa lisitende kazi.

Kizimba: mahali penye mipaka ndani ya kompyuta, ambapo programu isiyoaminika huachwa itende kazi bila ya kuufikia mfumo uliobaki.

Kitalu: mahali programu mpya inapojaribiwa kabla ya kuhamishiwa katika kazi.

Kompyuta mgeni: kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, yenye mfumo endeshi wake.

Kompyuta mwenyeji: kompyuta halisi inayoichukua kompyuta mgeni.

Msimamizi: programu inayomgawia mgeni kumbukumbu, diski na nguvu za mashine, na kumzuia asivuke mpaka.

Alama ya kurejea: hali ya kompyuta mgeni iliyohifadhiwa ili iweze kurudiwa baada ya uharibifu.